Kagua Gari, Ukague na Wazo

Nakumbuka siku moja, wanangu, gari la Ileje lilisimama katikati ya mteremko likinuka kuungua, na dereva wake alikuwa Laiton, mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi nilikuwa abiria humo, natoka kuuza maharage Tunduma, enzi zile gunia nalibeba mwenyewe.

Laiton alipenda usukani kuliko chakula. Lakini mwezi ule gari la mwenzake lilipinduka kwenye mteremko ule ule, akasaidia kuwatoa watu. Walipona wote. Yeye ndiye aliyebaki na maneno kichwani: na lako litapinduka, na breki zako zitakataa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Usingizi ukamhama. Wengine wakasema karogwa, wengine wakamshauri anywe kidogo apate moyo, ushauri wa hovyo huo. Kabla hatujaondoka aliniambia, dada, leo mlima ukinishinda narudisha ufunguo kwa tajiri mwenye gari, nashika jembe.

Basi kwa woga akashuka mlima mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Breki hazitaki hivyo. Zikapata moto, moshi ukatoka. Mama Tusekile, muuza vitenge, akauliza kutoka nyuma kama dereva anatupeleka au anatukaanga. Watu wakacheka. Laiton akasimamisha gari, akainamia usukani, machozi yakamtoka.

Humo ndani alikuwemo Mzee Athumani, mtu wa Kondoa, aliyeendesha malori mpaka nywele zikageuka pamba. Akamshusha, wakakaa ukingoni breki zipoe. Nami nikashuka, nani wa kunizuia?

"Kijana, gari ndilo limekuambia breki hazipo?"

"Hapana, mzee. Ni kichwa."

"Stendi nimekuona unapiga tairi teke, unapima oili. Kichwa je, ulikikagua? Hofu yako imekanyaga breki mpaka imeziunguza, halafu inakusuta, si nilikwambia? Wazo likija liulize: hili ninaliona, au ninaliwaza tu?"

Laiton akasema, na likikataa kuondoka? Mzee akamjibu kwamba abiria mlevi naye hukataa kushuka, lakini hapewi usukani.

Breki zilipopoa wakazijaribu, zikashika vizuri. Mzee akamwambia aweke gia namba mbili, gia ndiyo ilishikilie gari. Avute pumzi taratibu, kisha ataje kwa sauti kile macho yake yanachokiona.

Tukaanza kushuka. Laiton akaanza kutaja: "Barabara kavu." "Gia imeingia. Kona ya kulia." Mara Mama Tusekile, mtu wa kwaya yule, akaitikia, "Tumeiona." Wanangu, gari zima likaitikia! Mbuzi kushoto, tumemwona. Lori linapanda, tumeliona. Katikati Laiton akasema, "Litapinduka," halafu akajisahihisha mwenyewe: "Hilo ni wazo." Nasi tukaitikia kwa nguvu, "Hilo hatujaliona!" Hata Mzee Athumani aliimba. Tulipofika chini kwenye tambarare, Laiton alikuwa anacheka, jasho linamtiririka, na kina mama wanapiga vigelegele kama tumeleta bibi harusi. Mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka kwa furaha.

Msidhani wazo lilimtoka siku ile. Lilirudi, tena mara nyingi, akawa analikagua kila linaporudi. Wiki nyingine lilimzidi, akaenda hospitali akamweleza daktari, wala hakuona haya. Ufunguo hakuurudisha. Aliendesha mpaka akawasomesha wanawe, Neema na Jailos.

Sasa nawaambia ninyi madereva mnaopakia abiria Tunduma, wa Chitete, wa Vwawa, wa Ileje. Ukikagua tairi, kagua na kichwa. Usiliamini kila wazo kwa sababu tu limekuja kwa kishindo. Liulize umeliona wapi. Likikushinda peke yako, mwambie mwenzako pale stendi, asipokuelewa nenda hospitali, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na ninyi abiria, dereva akinyamaza sana, msimcheke tu, mwitikieni.

Nendeni, wanangu. Mungu awape macho maangavu na usingizi mtamu, mlale vichwa vikiwa vyepesi, na kila mliyempakia ashuke kwa miguu yake akiwabariki.