Mwamba wa Hamisa, Tandika

Ta. Ta-ta. Ta. Kama ufuta unaopasuka kikaangoni. Hamisa aliisikia sauti hiyo utotoni kwao Kunduchi, siku ya bamvua, bahari imekupwa mpaka mwamba umebaki wazi. Mama yake, chuma cha kuchokolea pweza mkononi, alimwinamisha kwenye kidimbwi, akamtia sikio majini. "Sikiliza. Mwamba unakaanga."

Baadaye alikuja kujua kuwa ni kamba wadogo wanaokaa mashimoni, kila mmoja na gando lake kubwa analolifyatua, na wakiwa wengi bahari nzima inachakarika.

Akaolewa Tandika. Mama akafariki. Wakaja watu na mabomu yao ya kuvulia, wakaupasua mwamba kipande kwa kipande. Mwaka aliokwenda kuzuru kaburi, Hamisa alishuka pwani, akapiga magoti, akatia sikio lake majini kama mtoto. Kimya. Alirudi Tandika na kanga mbichi, na siku ile hakula.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru. Kila kona lilifunguliwa duka lenye makabati ya vioo, na mumewe Marijani, fundi vioo wa Buguruni, hakukosa mabaki. Alimuunganishia tangi, akaliweka sebuleni pale palipokuwa na kabati la vyombo. Kaka yake Suleiman, aliyefanya kazi kwenye banda la kusafirisha samaki wa mapambo kule Bunju, akamletea jiwe bichi la matumbawe ndani ya gunia lililoloa, na visamaki viwili vya buluu. Jioni ile jiwe likalia: ta. Hamisa alikaa chini sakafuni.

Suleiman alimcheka. Bandani kwao kulikuwa na mtungi wa umeme unaopuliza hewa majini mpaka povu linapanda na uchafu wote, likamwagwa pembeni. Hamisa alikuwa na kijipampu cha hewa tu. "Dada, bila ule mtungi hii si bahari, ni supu." Hamisa akamjibu kuwa supu ameanza kuiengua kabla yeye hajaota meno. Alilisha kidogo sana, unga wa dagaa kwa ncha za vidole. Kila Ijumaa Marijani alipanda baiskeli mpaka Kigamboni kuchota maji mapya ya bahari. Umeme ukikatika, Hamisa aliteka maji kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu, yapate pumzi.

Basi ukatokea msiba Kunduchi, yeye na mumewe wakalala matanga. Tangi alimwachia Auleria, mwalimu kutoka Bukoba aliyepanga chumba cha uani. Auleria alilelewa kwenye nyumba ambamo hakuna kiumbe kinachoachwa na njaa wakati watu wanakula. Ile chembe ya unga aliyoelekezwa ilimtia huruma. Akapika wali wa nazi, akawapakulia na wale wa tangini.

Hamisa alirudi akakuta maji meupe kama tui, juu yametanda mafuta. Samaki mmoja alikuwa anaelea. Jiwe halikulia. Auleria alisimama mlangoni, amejiziba mdomo kwa kanga.

"Shikamoo mama. Niliona wanakodoa macho."

"Marahaba. Ndiyo macho yao, mwanangu," Hamisa alisema, akakunja mikono ya gauni.

Alichana mifuko ya kaki ya sukari, akailaza juu ya maji, akaiinua taratibu ikiwa imenyonya mafuta, akalaza mingine. Chini akafyonza wali kwa mpira. Marijani sasa alikwenda Kigamboni kila alfajiri kabla ya kazi, madumu yakigongana nyuma ya baiskeli. Suleiman alikuja, safari hii bila kucheka. Akasema jiwe liende Bunju, kwenye mtungi wa povu, huko litapona. Ila likishaingia bandani ni mali ya banda, litapakiwa na mengine kwenda Ulaya. Hamisa alilitazama jiwe muda mrefu. Hapa lingeweza kufa. Kule lingepona, lakini asingelisikia tena. Akamwambia kaka yake anywe chai aende zake.

Maji yalitakata polepole. Samaki aliyebaki akaanza kula. Jiwe, kimya. Kila akitoka shuleni Auleria alichungulia na kuuliza, na Hamisa alitikisa kichwa.

Alasiri moja umeme ukakatika. Redio za majirani zikanyamaza mtaa mzima, na pampu nayo. Auleria akaomba kata, akawa anateka na kumimina, Hamisa ameegemeza sikio kiooni. Akamshika Auleria mkono asimimine.

Ta.

Auleria akacheka huku machozi yanamtoka. "Yupo, mama. Yupo."

Hamisa hakulitoa sikio. Kamba akafyatua tena, mara moja, peke yake, akanyamaza kama anayesubiri. Hamisa naye akasubiri, mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi yake.

"Anapiga hodi," alisema, sauti imeshuka hata Auleria akalazimika kuinama. "Hakuna wa kumwambia karibu."