Krizantemi za Maman Dative

Maman Dative wa Kamembe hana shamba; ana salon, sebule yake ya wageni. Viti amevisukuma ukutani, na makopo arobaini ya krizantemi yamejaa hadi mlangoni. Ufundi wake aliutoa ng'ambo ya mto, Bukavu, alikolelewa, nao ni taa. Krizantemi ikipata usiku mfupi, inarefuka tu. Ikipata usiku mrefu, inatia tumba. Basi jioni anawasha ampule ya taa kuichelewesha. Akitaka ichanue, giza likiingia hawashi tena, na baada ya wiki nane ana maua.

Siku ya mahari ya binti yake Uwineza, mbele ya wakwe wote, akajigamba: "Mu kanisa hamutaingia ua la kununua. Yote itatoka mu mikono yangu!" Lo, mdomo huo! Harusi ilikuwa katikati ya Julai. Mei mosi, kwa tahadhari, akazima taa.

Ila Mei ni mwezi wa Maria, na sanamu ya Bikira ilipangiwa kukaa kwake mwezi mzima. Kila jioni saa moja jumuiya ilikuja kusali rozari. Nani anakalisha wageni gizani? Dative aliwasha, wakaimba, wakaondoka, akazima. Kwake yeye, taa ya sala haihesabiwi.

Wiki tatu zikapita. Akaja rafiki yake Bernadette, anayevuka daraja toka Bukavu kuuza maua, akapapasa ncha za mashina.

"Hakuna tumba hata moja. Munawasha taa?"

"Ya kusali tu."

"Eh, Maman! Maua inajua rozari?"

Dative akaketi sakafuni, akahesabu kwa vidole. Hadi harusi zilibaki wiki nane kamili.

Jioni akawaeleza wenzake kwa aibu. Mzee Akilimali, kiongozi wa sala, akaja juu. "Batu bazima tukae mu giza juu ya maua? Na kitabu tutasomaje?"

"Mzee," akasema Maman Mukansanga, "Salamu Maria unaisomaka mu kitabu?"

Wakacheka mpaka Mzee naye akacheka. Taa ikazimwa.

Kumbe giza lina utamu wake! Wenye haya ya kuimba wakaachia sauti. Mei ikaisha, hakuna aliyetaka kuacha. Wakaingia na Juni, mwezi wa Moyo Mtakatifu, humo humo gizani. Dative alikuwa akisali huku roho iko juu.

Jioni moja, katikati ya fumbo la tatu la rozari, Mzee Akilimali akakatiza sala.

"Maman Dative, nimeshika kopo nisianguke. Huku juu ya shina kuna kitu cha duara, kama punje ya mbaazi."

Dative akaruka kwenye swichi aone kwa macho yake.

"Usiguse taa!" walipiga kelele watu ishirini, na sauti ya Mzee ikazipita zote.

Siku ya harusi kanisa lilikuwa njano tupu, toka mlangoni hadi altare. Mama mkwe wa Uwineza akageuka, akauliza ni mikono ya nani iliyokuza maua hayo. Dative akafungua kinywa. Benchi tatu za nyuma, walikokaa watu wa jumuiya, zikamtangulia:

"Ni yetu!"