Shari ya Mama Veronika

Sufu iliyolowa ina harufu yake. Inanuka kondoo, sabuni ya kipande na moshi wa jikoni kwa pamoja. Juzi nilianika sweta la mwanangu, mvua ikaniwahi, na nilipokuwa nalikamua harufu hiyo ikanipanda puani, nikaliachia likaanguka, kama vile ningali yule mtoto wa darasa la nne. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto wangu, lakini sweta lenye maji bado linanitia hofu. Nitawaambia sababu. Mnaruhusiwa kucheka, ila msubiri nimalize.

Jirani yetu pale Nyantakara aliitwa Mama Veronika. Alizaliwa Kirushya, kwenye vilima vya Ngara, akaolewa huku kwetu Biharamulo, akaja na sindano zake za kufumia na ulimi wa Kihangaza usioitaka kabisa herufi l. Mama yangu naye, Msukuma wa kuhamia, r ilikuwa inamshinda. Yeye alimwita jirani yake Mama Velonika. Jirani aliniita mimi Kabura, wakati jina langu ni Kabula. Walikaa uani wakichambua maharage na kupiga soga kwa Kiswahili, mmoja akizimwaga r na mwingine akizimeza, na sikuwahi kumsikia hata mmoja akimwuliza mwenzake, "Umesemaje?"

Aliyekuwa akiuliza ni mimi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mkali kwa herufi hizo mbili. Ukisema "karamu" ukimaanisha ya kuandikia, anakuambia ulete wali na nyama. Nilijitahidi mpaka nikawa wa kupigiwa mfano, na nilipofika nyumbani nilikaa kama afisa wa ukaguzi, nikiwasikiliza wakubwa na kuwasahihisha kimoyomoyo.

Lakini kwa kazi ya mikono yake, Mama Veronika nilimhusudu. Alinunua masweta ya mitumba gulioni, akayafumua, akaufua uzi na kuuanika uani umefungiwa jiwe chini ili unyooke. Kisha akaufuma upya kwa mitindo yake, ambayo aliipa majina mwenyewe. Mbegu za maharage, vijivimbe vidogo vilivyokaa pembeni mwa shali na kofia. Njia ya siafu, mstari unaopinda na kupinda tena kifuani. Na jani la mgomba, ambalo alilifuma mara chache kwa sababu, alisema, jani hilo halitaki mtu mwenye haraka. Mimi nilikuwa na sweta la siafu, bluu na kijivu, na asubuhi za kiangazi ukungu ukiwa bado bondeni nilitembea kwenda shule nikiwa nimetanguliza kifua ili kila mtu awaone siafu wangu.

Nimesema "shali" hapo juu kwa sababu sasa nalijua neno. Wakati ule sikulijua. Nyumbani tulisema mtandio, au kitenge, au blanketi.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Awali ya hapo alikwisha kwenda hospitali mjini akiwa na tumbo, akarudi bila tumbo na bila mtoto, na hakuna aliyenieleza kitu. Niliambiwa tu nisipige kelele. Kwa hiyo safari hii, kadiri tumbo lilivyokua, nami nilizidi kuogopa, na kilichoniogopesha zaidi ni kwamba hakuna aliyelitaja. Hapakuwa na nepi iliyoshonwa wala kofia iliyonunuliwa. Nyumba nzima ilijifanya haioni, na mimi niliona kila kitu.

Ndipo mbuzi wetu akavunja uzio. Aliingia uani kwa Mama Veronika akatafuna uzi wa kijani uliokuwa umeanikwa, mzuri kuliko wote aliopata mwaka ule. Mama alikwenda kuomba radhi, mimi nyuma yake. Mama Veronika alikuwa ameshika mabaki yanayodondosha mate ya mbuzi.

"Amekura kazi yangu yote," alisema. Kisha akamtazama mama, akamtazama tumbo, akatabasamu kidogo. "Utaona tu, Mama Kabura. Siku yako inakuja."

Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Haikupita wiki, mwalimu akatufundisha methali: heri nusu shari kuliko shari kamili. Tukaambiwa shari ni ubaya, balaa, jambo analokuombea adui. Jioni ile ile nikatumwa kwa Mama Veronika kuomba chumvi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akanitilia chumvi kiganjani, kisha akanivuta karibu akipunguza sauti.

"Kabura, siri yetu wawiri. Mama yako nimemwandaria shari. Siku ya kwenda hosipitari ataondoka nayo. Usimwambie, nataka ashituke."

Chumvi ilinimwagikia miguuni. Nilimtazama usoni kutafuta utani, nikaona mtu mwenye furaha. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilifahamu kuwa watu hutakiana mabaya, lakini sikujua kuwa wanaweza kutakiana huku wakitabasamu na kukupa chumvi.

Nikajikakamua, nikamwuliza kwa sauti isiyotoka vizuri, "Huwezi kumpa nusu tu?"

Alishangaa. "Nusu ya nini, mtoto wewe? Nimeshaamua. Nampa kamiri."

Wenzangu, sikulala. Kumwambia mama, nimekatazwa, na nikimwambia atashtuka, na kushtuka ndiko kunakotakiwa. Kumwambia baba, ataleta ugomvi. Nilianza kulivua sweta langu la siafu na kuliacha chini ya kitanda, nikatetemeka njiani na wenzangu wenye masweta yao, kwa kuwa sikutaka kitu cha mikono ile kiniguse. Nilisali kila nilipopita kwenye ua wake. Nilimchunguza mama akiinama, akichota maji, akijishika kiuno, na kila alipoguna nilisema moyoni, imeanza.

Siku ilifika asubuhi, mvua ya manyunyu ikianguka. Baba alikwenda kuita gari la jirani mwingine. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, jasho likimtoka usoni pamoja na baridi ile. Nikamwona Mama Veronika anakuja, amekumbatia mfuko uliofungwa fundo.

Nilikimbia nikasimama katikati ya njia, nikatanua mikono. "Usimpe! Mama, usipokee! Amekuletea shari!"

Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka garini, aliganda. Mama Veronika aliganda. Hata mimi niliogopa nilichokisema.

Mama peke yake ndiye aliyeinua kichwa, uso ukimng'aa kidogo. "Shali?" akasema. "Shali ya nani, Mama Velonika?"

"Yako. Nirimwambia huyu asiseme."

"Siyo shali, mama! Ni shari! Kasema mwenyewe, shari kamili!"

"Ndiyo, ng'wanone, mwanangu," mama alisema akishusha pumzi, "shali. Nimesikia."

Mfuko ukafunguliwa, na harufu ya sufu iliyolowa manyunyu ikatujia. Kilikuwa kitu kikubwa cha kujitanda, kahawia na kijani, na mitindo yote niliyoipenda ilikuwamo. Mbegu za maharage zilizunguka ukingo. Siafu walipita upande hadi upande. Na katikati, jani la mgomba, refu, bila kosa hata moja. Mama Veronika alionyesha mahali kijani kilipojaa mafundo madogo ya kuungia. "Hapa ndipo mbuzi wenu arikura," akasema.

Mama aliipapasa. "Mbona kubwa hivi? Ni ya mtu mmoja?"

Mama Veronika aliangalia chini. "Ni yako wewe. Ya mama tu."

Mama akaivuta mpaka mdomoni, na macho yakamjaa machozi. Nilidhani ni uchungu. Gari likaondoka, nami nikaachwa mikononi mwa mwanamke niliyetoka kumtangaza kuwa adui.

Hakunigombeza. Alinivalisha sweta langu, akanikalisha karibu na jiko, akanipa uzi wa kushika. "Tega mikono, Kabura. Usirare." Kumbe shari ilikuwa nguo, sawa, lakini hofu yangu haikupungua, kwa sababu mama alikuwa amekwenda kule kule alikorudi mikono mitupu. Mama Veronika alifuma mkono wa sweta, akaufumua, akaufuma, akaufumua tena. Nilishangaa. Sikuwahi kumwona akikosea. Kesho yake vile vile, uzi ukachakaa kwa kufumuliwa, na tulipomaliza kula alirudi kwenye mkono ule ule.

Gari liliporudi hakuna aliyetoka mbio. Tulisimama mlangoni, mkono wake umenishika bega kwa nguvu hadi nikaumia. Mama alishuka taratibu, amejitanda shali. Nilitazama shali, siyo uso wake. Nilitazama kama imelegea au imebeba. Ndani ya jani la mgomba kitu kikapiga chafya.

Mama Veronika aliketi chini, kwenye tope, akalia kwa sauti. Jioni hiyo alianza kofia ndogo, na hakuifumua.

Miaka ilipita kabla mama hajaniambia: kwa wanawake wa kwetu na wa kwao, aliyewahi kurudi mikono mitupu hafumiwi nguo ya mtoto kabla ya mtoto. Ni kuikaribisha balaa. Kwa hiyo Mama Veronika alifuma nguo ya mtoto na kuiita ya mama, na mama alielewa pale alipoambiwa "ya mama tu". Wawili wale waliambiana yote kwa herufi zilizokosewa, wakiwa na hofu ile ile iliyonikosesha usingizi. Aliyekuwa hasikii ni mimi, niliyekuwa wa kupigiwa mfano kwa Kiswahili.

Mtoto tulimwita Veronika. Mama hajaweza kulitamka jina hilo hadi leo. Sasa Vero ana mume na duka dogo Benaco, na tumbo lake ni la pili. La kwanza halikutupa mtoto. Hatulitaji. Jioni nikishamaliza kazi natoa sindano, na jani la mgomba linanisumbua, kwa kuwa nina haraka na hofu, na mara nyingi nafumua nilichofuma jana.

Wiki iliyopita Vero alinipigia simu. "Dada, mama kaponyokwa na ulimi. Eti unafuma. Unafuma nini?"

Nikatafuta uongo, nikakosa.

"Shari," nikamwambia.

Nikasikia watu wa dukani kwake, nikasikia anavuta pumzi.

"Nusu au kamili, dada?"

"Kamili," nikasema. "Ya mama tu."