Bi Uzi na Upande wa Joshi

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Uzi alishona matanga bila kupanda chombo hata siku moja. Mashua ilimtia kichefuchefu hata ikiwa imefungwa gatini. Akipeleka tanga, alilikabidhi pale ukingoni, akageuka, akaenda zake.

Lakini majina ya zana aliyajua kama anavyowajua wanawe. Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga juu ya mlingoti. Jarari ni kamba ya kulipandishia. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, ile unayoikaza tanga lishike upepo na kuilegeza liuachie. Upande wa chombo unaoelekea kamba hiyo nao huitwa demani, na ule wa pili ni joshi.

Haya yote aliyajifunza karakanani, chumba kirefu chenye dirisha kubwa kushoto na mlango kulia. Upepo uliingia dirishani ukatokea mlangoni. Fundi aliyemfunza alikuwa akitandaza tanga sakafuni na kusema, "Vuta joshi," huku akielekeza kidole dirishani; "Shika demani," akielekeza mlangoni. Basi kichwani mwa Bi Uzi joshi ikawa kushoto, demani ikawa kulia, na kazi ikaenda bila tatizo.

Sasa vidole vilikuwa vimeanza kumgomea. Kila asubuhi ilimchukua nusu saa kuvibembeleza vishike sindano. Ndipo chuo cha mabaharia kilipotangaza kwamba kinatafuta mwalimu wa zana za tanga. Akiikosa nafasi hiyo, hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Maswali ya chumbani aliyajibu yote bila kumeza mate. Yalibaki majaribio ya majini, na mtahini wake alikuwa Nahodha, mwanamke mwembamba asiyejua kusema kwa sauti ya chini.

Siku ya majaribio usukani ulishikwa na mdogo wa mume wa Bi Uzi.

"Shemeji, ukitaka kutapika, tapika nje," alimwambia. "Mashua nimeiosha jana."

"Angalia usukani wako."

"Nauangalia. Mwenye kufumba macho ni wewe."

"Mwalimu mtarajiwa!" Nahodha akaita. "Shika demani, ukae upande wa joshi, uzito wako ututulize."

Bi Uzi akaishika kamba, akakaa kushoto. Kwa bahati upepo nao ulitoka kushoto. Mashua ikatulia, Nahodha akaandika kitu kwenye daftari, na Bi Uzi akathubutu kupumua.

Kisha wakageuza chombo. Tanga likapita ng'ambo ya pili, upepo ukaanza kuingia kutoka kulia. Nahodha akahamia kulia. Bi Uzi hakubanduka.

"Joshi, mama! Njoo joshi!"

"Nipo joshi!" akajibu, akajibana kushoto zaidi, kwa bidii zake zote.

"Joshi, nasema!"

"Si ndiyo hii nimeikalia!"

Mashua ikazidi kuinama upande wake. Maji yakapita ukingoni, yakamlowesha gauni mpaka kiunoni.

"Shemeji, huko ni kwa samaki!" yule wa usukani akapiga kelele.

Bi Uzi hakuelewa kosa lake. Alichoelewa ni kitambaa. Juu ya kichwa chake mshono wa tatu ulikuwa umekakamaa, na kamba mkononi ilikuwa ngumu kama chuma. Tanga lililovutwa hivyo huchanika. Vidole vyake vibovu vikailegeza demani bila kumwomba ruhusa. Tanga likapigapiga, likamwaga upepo, na mashua ikainuka.

Hapo ndipo alipohisi upepo ukimpiga shavu la kulia. Akageuza uso kuufuata. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Yarabi," akasema. "Dirisha limehama."

Akajikokota kwa makalio mpaka upande wa pili, akakaa karibu na Nahodha, maji yakimchuruzika.

Waliposhuka gatini, Nahodha alimuuliza, "Nani alikufundisha kulegeza demani wakati ule?"

"Hakuna. Tanga nimelishona mimi, niliona linaelekea kuchanika."

"Na joshi ni upande gani?"

"Ule unakotoka upepo, kokote uwe. Miaka yote hii mimi nilijua ni kushoto."

Nahodha alicheka mpaka akaketi chini. Shemeji alikwisha kucheka kitambo. Sasa alikuwa anajifuta machozi.

"Kazi ni yako," Nahodha akasema hatimaye. "Ila darasa la chumbani sitaki. Wanafunzi wako utawafundishia majini."

Bi Uzi akaigeukia mashua. "Kila siku?"

"Kila siku."

Akakamua pindo la gauni, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, taratibu.

"Basi shemeji, usiifunge mashua," akasema, akirudisha mguu mmoja ndani huku amemng'ang'ania Nahodha bega. "Twende tukageuze tena mara tatu nne, nizoee."