Kinyago Kinachotazama Ukuta

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yameshanitoka. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, hapa hapa Wamunyu, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa. Wanaume walichonga, sisi wanawake tukalainisha. Twiga akitoka kwenye tezo ya mchongaji huwa na makovu mwili mzima. Unampitishia tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, halafu nta, na mwishowe anang'aa hata mtalii anamkumbatia kama mtoto. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waundaji hata kama jina langu halikuandikwa popote.

Nilisifiwa sana kwa kazi hiyo. Wachongaji walinigombania. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi la kwangu nililitia karibu mtungi mzima, kama utakavyosikia.

Mchongaji niliyemfanyia kazi aliitwa Mzee Kimeu. Alikuwa amechonga twiga tangu ujana wake, wote shingo ile ile, masikio yale yale, hadi tukamtania kwamba anaweza kuwachonga akiwa amelala. Mwanawe, Musyoki, alichonga naye bega kwa bega katika banda letu la mabati. Mwaka ule Musyoki akaugua. Aliugua muda mrefu, akakonda, akafa. Siku ya mazishi Mzee Kimeu hakutoa chozi. Nilimshika mkono nikamwambia yale tunayoambiana siku zote: jikaze Mzee, ni mapenzi ya Mungu. Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mwanawe, na mkewe, Mama Musyoki, aliniambia kwamba hata nyumbani halitaji.

Akakaa majuma mengi bila kushika tezo. Siku aliporudi, hakuchonga twiga. Alichukua gogo la muhugu ambalo Musyoki alikuwa amejichagulia kabla hajaugua, akaanza kulikata kidogo kidogo, pigo moja leo, mawili kesho. Kilichotoka kilinitisha. Kilikuwa mtu, lakini mtu gani? Kichwa kimeinamia upande, jicho moja juu na jingine chini, mdomo wazi kama shimo la panya, mkono mmoja mkubwa kuliko mguu umeshika tumbo. Na mwili mzima, kuanzia utosini hadi miguuni, alama za tezo tupu.

Nikasema moyoni, maskini, Mzee ameishiwa. Huzuni imemharibu mkono. Nilimhurumia kwa dhati, mwanangu, hilo nataka ulijue. Ila sikumuuliza chochote. Kuuliza si ujinga, lakini siku hizo niliona kuuliza ni kazi ya wasiojua, na mimi nilijua.

Basi kulikuwa na Mwalimu Kyalo, aliyefundisha sanaa chuoni Machakos mjini, na ambaye alizoea kuja bandani kutafuta vipande vya mti kwa ajili ya wanafunzi wake. Siku moja alikiona kile kinyago, akasimama. Akakizunguka mara mbili. Halafu akaenda garini akaleta kitabu kikubwa cha picha, akatuonyesha mimi na Mzee. Ukurasa mmoja ulikuwa na mtu mwenye shavu la kijani na pua iliyopinda. Mwingine haukuwa na mtu wala mti wala nyumba, ni rangi tu zimerukiana.

"Aiya! Na hii nayo ni nini, Mwalimu?" nikamwuliza. "Kitambaa ya kupangusia brashi?"

Mwalimu akacheka sana, maana hakuwa mtu wa kukasirika. Akaniambia hiyo huitwa sanaa ya dhahania, mchoraji ameacha sura ya vitu akabaki na rangi na mistari peke yake. Yule wa shavu la kijani naye, akasema, amechorwa jinsi mchoraji alivyoumia, si jinsi alivyoonekana. Wazungu walioanza mambo hayo zamani walikuwa wamechoka kuchora watu kama picha za kitambulisho. Baadhi yao waliona vinyago vya Kongo na vya Afrika Magharibi katika majumba ya makumbusho ya kwao, wakashangaa kwamba mtu anaweza kuchongwa bila kufananishwa na bado akakushika moyo.

"Walijifunza kwetu," akasema, "halafu sisi tukaambiwa tuchonge twiga."

Kisha akamwomba Mzee ruhusa ya kukipeleka kinyago kwenye maonyesho Nairobi. Mzee Kimeu akakuna kidevu.

"Peleka," akasema mwishowe. "Mimi kusema siwezi, Mwalimu. Wakiona, itatosha."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili, lakini kichwani mwangu lilibaki neno moja tu: Nairobi. Kwamba kazi ya banda letu itatazamwa na watu wa Nairobi ikiwa na makovu vile! Watasema mimi Nduku sijui kazi. Unaona, mwanangu, jinsi nilivyogeuza msiba wa mtu kuwa habari yangu mwenyewe.

Alhamisi Mzee akaenda mjini kwa dada yake, ili Jumamosi arudi na Mwalimu kuchukua kinyago. Nikabaki nacho. Siku mbili nzima sikunyanyua kichwa. Nilianza na tupa usoni, nikasawazisha mashavu, nikaziba ule mdomo kwa kuuviringisha kingo mpaka ukawa kama wa mtu anayepiga mluzi. Nikashuka kifuani, mikononi, tumboni. Msasa ulikwisha kabla sijafika mgongoni, na dukani hakukuwa na mwingine, nikasema haidhuru, mgongo hauonekani. Nikapaka nta. Kiling'aa, wallahi, ungeweza kujitazama ndani yake.

Jumamosi asubuhi walipofika nilikuwa nimekiweka juu ya meza na kukifunika kwa leso yangu. Nikaivuta leso kama watu wanaozindua jengo. Mwalimu Kyalo alitazama mara moja, kisha akatazama chini. Mzee Kimeu alisogea, akaweka kidole gumba chake usoni pa kinyago, akakipitisha polepole, akarudia, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, Mzee?"

"Hapa kulikuwa na kitu."

"Ilikuwa ni makovu, Mzee. Nimetoa yote," nikajibu, na bado nilikuwa natabasamu.

Alinitazama. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Mwiitu," akaniita, kama wazee wetu wanavyowaita wasichana wao, "umefanya kazi safi. Sasa anafanana na watu wa matanga. Wote walikuwa wananiambia ninyamaze. Huyu ndiye alikuwa ananililia, na wewe umemnyamazisha."

Akamwambia Mwalimu arudi, hakuna kitu cha kupeleka. Akakibeba kinyago begani akaenda kwake. Mimi nikabaki na leso mkononi, nikaona aibu ambayo hadi leo ikinijia naacha ninachofanya.

Majuto ni mjukuu. Juma lililofuata mama yangu alinipeleka kwa Mzee Kimeu kuomba msamaha, na kuku mkononi. Mama Musyoki alimpokea kuku, Mzee hakumtazama hata kidogo. Akanionyesha kinyago, kimesimama kwenye kona, uso kimeuelekeza ukutani. Akaushika mkono wangu akauweka mgongoni, mahali msasa wangu haukufika.

"Hapa ni siku alikataa uji," akasema. Akausogeza mkono wangu chini. "Hapa ni ile siku niliambia daktari nimbebe mimi nimpeleke nyumbani. Hii kubwa, aliniuliza kama huu mti wake nimeuza. Nikamwambia bado. Hii ndogo, alicheka, sijui alikuwa anacheka nini."

Alitaja siku nyingi. Zile alama za usoni na za kifuani, alisema, hawezi kuzirudia, kwa maana kila moja ilipigwa mara moja tu. Nililia mpaka nikaona haya mbele ya mama yangu. Mama Musyoki naye alikuwa analia mlangoni, akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza. Nawe sikiliza hili vizuri: Mzee Kimeu hakuniambia ninyamaze. Hakuniambia nijikaze. Aliuacha mkono wangu pale mgongoni akakaa kando yangu hadi nilipomaliza.

Kinyago hakikwenda Nairobi wala popote. Mzee alirudia twiga wake, nami nikaendelea kuwapiga msasa, maana nyumbani watu lazima wale. Alinisamehe, hilo nakuhakikishia, na tulitaniana tena. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Miaka ya elfu mbili Mwalimu Kyalo alinipeleka kwenye maonyesho jijini, nikaona turubai kubwa la rangi nyeusi lililokwaruzwa kwa kitu kama msumari. Zamani ningeuliza kama ni ubao wa shule uliochakaa. Safari hii nilimtafuta aliyelichora, msichana mdogo tu, nikamwuliza, "Hapa ulikuwa na nini, mama?" Akanieleza hadi tukachelewa gari.

Mzee Kimeu alipofariki, Mama Musyoki alikuja kwangu na kitu kizito kimefungwa kwa gunia.

"Mzee alisema ukae nayo," akaniambia. "Na alisema usipake nta."

Ndicho hicho ulichokigeuza juzi ulipokuja kunitembelea, ukidhani mtu amekisukuma kikaelekea ukutani, nami nikakukaripia bila kukueleza. Nisamehe kwa ule ukali. Uso wa kinyago hicho ni kazi yangu mimi, na sipendi utazamwe. Mgongo ni kazi yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ushauri wangu ni huu. Ukikutana na kitu kilichotoka kwa mtu nawe hukielewi, kiwe mchoro, kiwe wimbo, kiwe kilio chenyewe, usikimbilie kukinyoosha. Uliza kwanza, kisha ukae usikie jibu lote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe na mimi kazi yetu ni kusogeza kiti. Na mtu akilia mbele yako, lile neno "jikaze" limeze, hata likikukwama kooni.

Mungu akupe mikono yenye kazi, akupe na subira ya kuizuia. Akuepushe na msiba, na usipoepushwa, akupe mtu wa kukaa kando yako asiyekuwa na msasa. Sasa nenda ukakiguse mgongo, polepole. Ile alama ndogo, chini ya bega la kushoto, ndiyo siku Musyoki alicheka.