Sanduku Lisilo na Mshale

Karatasi ile bado ninayo. Imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki juu ya kabati, hapa Tandika, na kila tunapopaka rangi chumba mke wangu huuliza kama ni ya kutupa. Ni ramani ya kiwanda cha sabuni kilichokuwa Chang'ombe. Haionyeshi majengo, inaonyesha kazi: nani anampa nani nini, ili kitu gani kiweze kutokea. Niliichora mimi, kwa rula na kalamu ya wino. Sijawahi kufanya kitu kizuri kuliko hicho, wala kibaya kuliko hicho.

Nilikuwa karani wa mipango. Kidato cha nne nilimaliza na hesabu za wastani na mwandiko mzuri, na mwandiko ndio ulionipa kiti. Kiwanda kilikuwa cha shirika la umma. Miaka ya uhaba hata sisi wenyewe tulipanga foleni kununua miche ya sabuni tuliyoitengeneza. Kisha biashara ikafunguliwa, Kariakoo ikajaa sabuni za nje zenye karatasi za kung'aa na harufu ya maua, na miche yetu ya rangi ya udongo ikaanza kulala ghalani. Ikasemekana tutauzwa. Kabla ya hapo akaletwa mshauri, mtu mpole aliyefunga miwani yake kwa kamba, akaniita.

"Bwana mipango," alisema, "mnunuzi akija ataonyeshwa mashine. Mashine kila mtu anaziona. Mimi nataka nikione kiwanda chenyewe."

Nikamletea chati ya vyeo iliyoning'inia kwa meneja. Akaitazama kidogo, akanirudishia.

"Hii inaniambia nani anamwamkia nani. Nataka kujua meneja akiugua wiki mbili kitasimama nini. Na mpika chai akiugua wiki mbili, kitasimama nini. Fuata kazi, usifuate vyeo."

Basi nikafuata. Nilichukua agizo la mfanyabiashara mmoja wa Ubungo, katoni arobaini za miche, nikatembea nalo tangu lilipoingia ofisi ya mauzo mpaka gari lilipotoka getini. Kila lilipopita niliuliza: umelipata kwa nani, unampa nani, na lisipokuja unafanya nini?

Nilikuwa nimepita geti lile miaka kumi na moja, na sikuwa nimekiona kiwanda. Siku zote nilidhani tunakula saa saba na nusu ili waumini wawe wamemaliza swala ya adhuhuri. Kumbe boila letu halikuweza kupeleka mvuke jikoni na kwenye matangi ya kuchemshia kwa wakati mmoja, kwa hiyo wali wetu ulisubiri sabuni ipumzike. Saa ya chakula ilipanga saa ya zamu, zamu ikapanga basi la wafanyakazi, basi likapanga wanawake wa Mbagala waamke saa ngapi. Mlinzi wa geti, niliyemjua kwa kupekua mifuko, ndiye aliyekuwa akigonga mapipa ya mafuta ya nazi kwa fimbo na kusikiliza kama chini kuna maji. Pipa lililolia vibaya halikupita. Hakuna karatasi iliyomwambia afanye hivyo.

Hakuna aliyekaa akayapanga hayo yote. Yalikuwa yamesukwa kidogo kidogo kama ukili, mkono huu ukipokea kwa ule, mpaka mkeka ukapatikana na watu wakaukalia bila kuutazama. Alasiri moja nilisimama uwanjani, boila likinguruma, nikajiona kama mtu aliyeishi miaka mingi ndani ya tumbo la mnyama mkubwa akidhani ni nyumba. Nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika kitu.

Kisha nikafika kwenye matangi.

Mkuu wa zamu pale tulimwita mpishi. Aliupunguza mvuke, uji wa sabuni ukatulia, akageuka akaita, "Bibi, njoo utuambie."

Aliyekuja ni mfagizi. Alikuwa mwanamke wa Kizaramo, mtu mzima, mwenye kanga kiunoni na fagio la chelewa. Aliliegemeza fagio ukutani, akasukutua kwa maji ya kikombe, akachovya kijiti tangini, akakipuliza. Akasubiri kipoe. Akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Wanaume saba wakamtazama mdomo. Akatema pembeni.

"Bado. Inauma kama mke mwenza."

Wakacheka, mpishi akarudisha mvuke. Baada ya nusu saa bibi akaonja tena, akatema, akasema, "Sasa imetulia. Mwageni." Ndipo bomba likafunguliwa, sabuni ikashuka kwenye kalibu za kuigandishia, na agizo langu la Ubungo likaendelea na safari.

Magadi yakizidi, sabuni humbabua mfuaji mikono. Yakipungua, haitoi povu. Kupima hayo ni kazi ya maabara, na maabara tulikuwa nayo. Ila dawa za kupimia zilikwisha miaka ya uhaba, na fundi wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, akamfundisha mfagizi kuonja baada ya wengine wote kushindwa. Dawa zilipoanza kupatikana tena, hakuna aliyezikumbuka. Mwezi wa Ramadhani bibi alimuuliza shekhe wake, akaambiwa aonje, ateme, asukutue, asimeze. Siku ile mtu wa maabara alikuja baada ya sabuni kumwagwa, na fomu yake, akaandika "sawa", akatia saini.

Nilirudi ofisini nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Nilikuwa nimepata mahali ambapo kiwanda kizima kilisimama juu ya kitu kidogo kuliko kidole.

Mtu wa maabara alinifuata jioni ile. "Kaka, ukiuchora ulimi wa mfagizi kwenye ukuta wa meneja, mie nitaonekana nalipwa kwa kazi gani? Nina watoto."

Sitamsingizia. Hakunizuia yeye. Nilikuwa nikiichora karatasi kila jioni, nayo ilikuwa imekwisha kujaa, mishale zaidi ya hamsini kati ya masanduku ya idara, na hakuna mmoja uliokata mwingine. Sanduku la usafi lilikuwa chini kabisa, pembeni, peke yake. Mshale wa kutoka pale mpaka kwenye matangi ungekata mingine minne. Ningelazimika kuanza upya, na nilikwisha kuipenda. Mshale wa fomu ya maabara ulikuwapo tayari, umenyooka. Nikauacha ndio useme.

Bibi mwenyewe alikuja kuiona, akifagia ofisini. Alijifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima na alipenda kuonyesha.

"Mie umeniweka wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha. Akasoma kwa sauti, taratibu, "Usafi. Watu kumi na wawili." Akafuata kwa kidole kona nne za sanduku akitafuta pa kutokea. "Haya," akasema. "Kalamu ni yako."

Kwenye mkutano wa kukiuza kiwanda karatasi ilibandikwa ukutani, na wanunuzi waliinuka kwenye viti kuisogelea. Mshauri alinishika bega. Kisha mmoja wa wanunuzi akauliza, "Hili sanduku halina mshale hata mmoja. Likiondoka, kitasimama nini?"

Lilikuwa swali lile lile nililofundishwa kuuliza. Wote waligeuka kunitazama, karani wa kidato cha nne, wakingoja nijibu.

"Hakuna," nikasema.

Kiwanda kikauzwa, na usafi ukapewa kampuni ya kukodiwa. Wale kumi na wawili waliondoka siku ya Ijumaa, na bibi aliliacha fagio lake limeegemea ukuta wa matangi.

Wenye mali wapya walileta dawa na vyombo vya kupimia, lakini mkono wa maabara ulikuwa umelala miaka mingi. Sabuni ya mwezi wa kwanza ilirudi kutoka madukani. Wanawake wa Temeke walikuja getini na vidole vimebabuka, wakavinyoosha mbele ya mlinzi bila kusema neno. Mpishi akanijia. "Wewe ndiye uliyechora. Nenda kamlete."

Nilimkuta kwake Mbagala, anapika uani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikatoa kipande cha sabuni mfukoni. Hakukipokea.

"Naiona kwa rangi. Inauma hiyo."

"Wanakuomba urudi, bibi."

"Wananiomba au unaniomba?"

"Nakuomba."

Akakoroga chungu. "Unajua tangu nianze kuonja sabuni sijasikia chumvi? Miaka yote hiyo. Nyumbani napika, wajukuu wanalalamika, najua tu kwa nyuso zao. Tangu mmenifukuza ulimi umeanza kurudi. Juzi nimekula embe, nikasikia ni embe. Sasa unataka niupeleke tena?"

Nikakirudisha kipande kile mfukoni. Wiki zile zote niliuliza kila mtu anatoa nini na anampa nani. Yeye sikumuuliza kinamtoka nini. Nilimtazama akipakua mchuzi wa samaki na nikakumbuka alasiri ile ya uwanjani, ila safari hii mnyama yule mkubwa alikuwa ameketi mbele yangu, amejifunga kanga, ananipa bakuli.

"Onja. Chumvi imekaaje?"

Ilikuwa imezidi mno. Ilinikausha koo. Nilimtazama, naye alikuwa akinitazama mdomo, kama wale wanaume saba walivyomtazama yeye.

"Imezidi, bibi."

Akatikisa kichwa, akaongeza maji chunguni. "Kumbe haujarudi wote," alisema. Kisha, bila kugeuka, "Na wewe ukweli unao. Mkutanoni uliuacha wapi?"

Nilikula bakuli lote.

Jumatatu niliomba karatasi ile kwa meneja mpya, nikaitandaza mezani kwake, nikachora mshale kutoka sanduku la usafi mpaka kwenye matangi. Wino ukatawanyika pale ulipokata mishale ile minne. Nikamwambia kwamba mkutanoni nilisema uongo. Aliufuata mshale kwa kidole mpaka kwenye matangi.

"Na huyu yuko wapi sasa?"

"Mbagala. Harudi."

Akaiviringisha karatasi, akanirudishia.