Mzigo wa Hainiachi

"Mimi ndege hainiachi! Sisubiri ndege, ndege inanisubiri mimi!"

Aliyatamka hayo kwenye harusi ya binamu yake, kipaza sauti mkononi, tumbo limetangulia mbele kama kamati ya mapokezi. Watu wakaangua kicheko, jina likamganda: Hainiachi.

Kwa kazi alikuwa dalali wa viwanja, vingi vikiwa vya watu wengine. Suti mbili, simu tatu, vocha ya kuomba. Ukubwa wake wote ulikalia kiti kimoja, nacho hakikuwa chake: kiti cha shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, karani wa kaunta kwenye uwanja mdogo wa ndege. Akichelewa, anampigia.

"Shemeji, nizuilie hicho kipanzi chenu, niko getini."

Getini maana yake yuko bafuni. Na shemeji, akiogopa dada yake asije akamwagiwa maneno nyumbani, alikuwa anavuta muda: mara mzigo haujapimwa, mara karatasi haijasainiwa.

Ndege yenyewe ilikwenda mji wa milimani. Huko hutua asubuhi, kwa sababu mchana mawingu hushuka na kuufunika uwanja gubigubi. Hilo hata mfagiaji alilijua. Hainiachi naye alilijua, ila aliona mawingu nayo yangemsubiri.

Siku hiyo akapiga simu kama kawaida. Shemeji akavuta, akavuta tena. Nesi mmoja, abiria, akasogea kaunta. "Dada, tunangoja nini?"

"Mzigo," akajibu karani, bila kumtazama.

Mwishowe rubani alichoka, akafunga mlango. Hainiachi akatokea jasho likimtiririka, ndege ndiyo kwanza inapaa. Alilipiga teke sanduku lake mwenyewe, akamtukana rubani, mama wa rubani na aliyebuni mabawa. "Lazima nimfukuzishe kazi huyo dereva wa pangaboi!"

Kule milimani rubani alishuka ndani ya wingu akiutafuta uwanja. Akaukuta mlima. Hakupona mtu.

Mwenye haya angejifungia ndani. Hainiachi alichapisha fulana. Kifuani: SAUTI ILINIAMBIA USIPANDE. Akawa anazunguka kumbini kutoa ushuhuda, kwamba alifika mapema, akaweka mguu kwenye ngazi, mara sauti tamu ikamwita kwa jina. Kila alipoisimulia, ngazi iliongezeka vidaraja. Watu walilia, wakanunua.

Kabla tume ya uchunguzi haijafika, alikwenda sebuleni kwa shemeji yake, akaketi bila kukaribishwa.

"Wakiuliza kwa nini ilichelewa, sema mzigo. Ukinitaja, kazi huna, na dada yako nakurudishieni na watoto wake. Umenielewa, shemeji?"

Tangu ajali karani hakuwa akilala; kila akifumba macho, nesi anasogea kaunta.

Jumapili Hainiachi akajaza ukumbi. Mkewe alikaa mstari wa mbele, fulana juu ya gauni. Jamaa akanogewa, akataka na shahidi. "Shemeji yangu alikuwepo! Njoo, mama karani, waambie sauti ilisemaje!"

Akamkabidhi kipaza sauti yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Wapumbavu hujichimbia, halafu huomba na koleo.

"Sauti ilikuwa yako, shemeji," akasema karani. "Ilitoka kwenye simu. Ilisema, 'Nizuilie, niko getini.' Nikazuia. Watu wakaniuliza wanangoja nini, nikawaambia mzigo. Mzigo wenyewe ni wewe."

Hainiachi akacheka peke yake, "He he, shemeji bwana, utani wake huo..." Hakuna aliyempokea. Mkewe akasimama, akaivua fulana, akaiweka juu ya meza ya mauzo, akamshika mdogo wake mkono. "Twende nyumbani."

Kesho yake karani aliyarudia yale yale mbele ya tume. Kazi akaipoteza. Usingizi ulirudi kidogo kidogo.

Fulana zilizobaki ziko kwenye gereji ya jirani, mafundi wanafutia grisi. Moja ni mia tano.